Kweli Mbili za Mama Kavata

Mama Kavata,

Kaa vizuri kwanza. Weka miguu kwa ile stuli, inua kidevu, na usiniambie eti una haraka, kwa sababu mahali uko siku hizi haraka iliisha. Leo ni mimi naongea na wewe unasukwa. Najua utasema si ilikuwa hivyo siku zote. Sawa.

Niko saluni peke yangu. Mvua imefukuza wateja, Uthiru yote imekuwa matope, na nimepata karatasi nikasema wacha nikuandikie. Mkono wangu unaujua, niliacha shule darasa la sita, kwa hivyo ukiona neno limelala kando kama mlevi usilicheke, lisaidie tu kuamka.

Nimeshusha pumzi, Mama Kavata. Hiyo ndiyo habari. Tangu tukuzike nimekuwa nimeishikilia kama mtu anapita mahali kunanuka, na juzi nikaiachilia yote. Lakini si unanijua, mimi siwezi kukupa mwisho kabla hujajua nani alikuwa amevaa nini. Wacha nianze na za mtaa.

Ngazi za hapa zimepakwa rangi ya kijani, ukipanda unafikiri unaingia ndani ya sukuma wiki. Mwenye bucha ya chini ameongeza tumbo na kupunguza kipimo. Yule msichana wa simu mbili ameolewa, na si na yule wa simu ya kwanza wala wa ya pili. Nitakuambia siku ingine, hiyo ni ya kusuka kichwa mzima.

Na kuna lingine ambalo si la kucheka sana. Kuna mama amehamia hapa ng'ambo ya barabara, Mkamba pia, anauza dengu, na msichana wake anaitwa Kavata. Sasa unaona shida. Mteja amekaa, ananiambia, Mama Kavata amepita asubuhi na dengu tamu, na mimi mkono unasimama kwa kichwa ya mtu. Moyo unakimbia mpaka mlangoni kukuangalia. Halafu nakumbuka. Mara ya kwanza nilienda huko nyuma nikajifanya natafuta maji ya moto, nikaosha uso. Mama wa watu hana makosa, hata ni mpole. Lakini hilo jina. Nitarudi hapo, usiniache nisahau.

Habari yenyewe ni ya ile kitu yako ya kompyuta.

Watu wakiniuliza wewe ulikuwa nani, nawaambia ulikuwa mwalimu wa kompyuta huko tauni, katikati ya jiji. Lakini mimi nilikujua na kichwa, mpaka ile mahali ngumu nyuma ya sikio la kushoto yenye kichana ilikuwa inagoma. Ukija Jumamosi kusukwa unakaa kutoka asubuhi mpaka jua linazunguka dirisha lile lingine, laptop kwa mapaja, taulo chini yake isikuchome, unaandika. Ulikuwa unatengeneza lugha yako, ya kuambia kompyuta kitu ya kufanya. Ulisema iko kwa ukoo wa lugha moja inaitwa Lisp, ya zamani hata kuliko sisi, lakini yako maneno yake ni ya Kiswahili ndio wanafunzi wasiogope. Na ile programu inasoma yenye mtu ameandika na kuifanya, ukaiita mkalimani. Mimi nikafikiria yule wa kanisani kwetu, pasta anasema kwa Kiingereza na yeye anageuza kwa Kikuyu, na pasta akisema kidogo yeye anaongeza zake. Ukaniambia wako haongezi zake, hiyo ndiyo tofauti yake na binadamu.

Kwa nini ulikuwa unaniambia mimi? Nilikuuliza siku moja. Ulisema kazini kila mtu ana haraka, na nyumbani wanasema ndiyo, ndiyo, bila kusikia. Mimi nilikuwa na muda wote wa nywele za kufika mgongoni.

Nakumbuka siku ya majina. Uliniuliza, "Mama Shiru, mtu akikuambia Mama Brayo, unajuaje ni yule yule wa jana?"

Nikakuambia hiyo si kazi. Mara ya kwanza nikisikia jina naulizia: huyo anakaa wapi, mlango gani. Nikishajua, nimeweka. Siku ingine mtu akimtaja siulizi tena, akili yangu inaenda moja kwa moja kwa ule mlango. Ukageuza kichwa hivi mara moja, mstari wote ukaniponyoka, ukasema hicho ndicho kitu unahangaika wiki mzima kuambia darasa na hawashiki.

Ukaniambia mkalimani wako ni mmbea kama mimi. Akisoma jina mara ya kwanza, tuseme mbuzi, anaangalia kwa kichwa yake kama analijua. Kama halijui anajenga mlango, juu anaandika mbuzi. Baadaye akisoma mbuzi tena, hata iwe mwisho wa kila kitu, hajengi ingine. Anarudi kwa ule ule. Kwa hivyo ukimuuliza huyu mbuzi wa hapa ndiye huyu mbuzi wa pale, haanzi kusoma herufi moja moja kama mtoto wa nasari. Anaangalia tu kama wote wawili wanaonyesha mlango mmoja. Ukiwa mmoja, anajibu kweli. Ikiwa ni milango tofauti anakupa mabano hayana kitu ndani, hiyo ndiyo hapana yake, na hajali kama juu kumeandikwa neno moja. Hilo swali uliliita "ndiye". Nililipenda. Nilisema hata sisi kwa saluni tunalitumia sana.

Ukasema lakini hiyo ni ya majina. Ukiandika orodha ya sukari, majani, maziwa, halafu mahali pengine uandike tena sukari, majani, maziwa, hizo ni karatasi mbili hata zikifanana, na ukimuuliza kama hii ndiyo ile atakataa, na atakuwa sawa. Kujua kama zimefanana ndani kuna swali lingine, la kufungua na kuangalia moja moja. Ndio nikakukumbusha ile siku nywele za kuongeza ziliisha ukiwa umebaki upande mmoja, nikafungua pakiti ingine nyeusi, nikaziweka pamoja kwa taa ya hapa ndani, zote nyeusi tii, nikamaliza. Ukashuka, jua likakupiga, na kichwa kikawa na rangi mbili kama ng'ombe. Kwa pakiti moja kulikuwa na namba moja, kwa ile ingine namba moja B. Ukapanda tena ngazi ukicheka, ukasema, "Kwa macho zinafanana, kwa jua si moja." Nilikusuka upya na hukulalamika.

Halafu ile Jumamosi ya mwisho. Nywele zako zilikuwa zimeanza kutoka na mkono. Mimi nikajifanya sioni, nikakusukia mistari mikubwa isivute, na wewe ukajifanya hujaona kwamba nimejifanya. Ulikuwa umekasirikia laptop. Ukasema, "Kuna kweli moja inanikataa."

Ukanionyesha. Unauliza mkalimani kama mbuzi ndiye mbuzi, anajibu kweli. Vizuri. Sasa unachukua hilo jibu lake mwenyewe, kweli, unamuuliza kama ndiye ile kweli wewe umeandika. Anakataa. Mabano matupu. Kweli na kweli, zimeandikwa sawasawa kwa skrini, na moja ni yeye ameitoa kwa mdomo yake. Nikakuambia nina shemeji wa hivyo. Ukacheka mpaka ukakohoa, nikakushikia maji.

Hicho ndicho kicheko chako cha mwisho ninacho. Shemeji hajui, lakini kwa hiyo moja nimemsamehe mengi.

Halafu hospitali. Halafu ukaenda. Hiyo sitaandika.

Kavata wako alihama, unajua. Nyumba ya hapa waliirudisha, akaenda kukaa kwa dada yako huko Jamhuri, na anamaliza chuo. Akasema ile kazi ya mwisho wanaonyesha mbele ya walimu ndio wamalize, yeye ataonyesha mkalimani wa mama yake. Ameimalizia ile programu, ameongeza maswali ya wanafunzi wadogo, kila mmoja anajibu, mkalimani anasema kama ni kweli. Sasa unajua alikwama wapi. Mtoto anaandika kweli, jibu ni kweli, na mkalimani anasema amekosa. Kila mtoto anakosa. Kavata akaangalia, akaangalia, akakonda. Mwalimu wake akamwambia kwa upole, wacha hiyo, chukua mkalimani wa tayari mwenye watu wengine wameshatengeneza, hakuna mtu atakulaumu. Na yeye alikuwa amekubali.

Nilisikia kutoka kwa dada yako kwa simu. Hapo ndipo pumzi ilishikwa kabisa. Kwa sababu hiyo kitu ikiwekwa kando, nani ataifungua tena? Ingekaa ndani ya laptop kama nguo kwa sanduku, mpaka laptop yenyewe ife. Jumamosi zetu zote ndani yake. Na mimi siwezi hata kuiwasha.

Nikapika muthokoi, ile mahindi yenu Wakamba ya kutolewa maganda. Usicheke. Mimi, Mkikuyu wa Uthiru, nimepika muthokoi, nikapanda matatu, nikashukia Adams nikatembea nayo mpaka Jamhuri imefungwa na shuka. Nikamkuta Kavata kwa chumba, pazia imefungwa, zile vitu za muziki kwa masikio. Alikula kijiko moja akaniambia, "Auntie, hii ni githeri yenu Wakikuyu imevuliwa nguo." Nikajua bado yuko ndani mahali. Lakini kuhusu mkalimani hakutaka kusema. Kichwa yake ilikuwa haijaguswa tangu mazishi, imeshikana kama manyoya. Nikamwambia, uonyeshe unachoonyesha, chako ama cha watu, lakini hutaenda mbele ya walimu na hiyo kichwa watu waseme Mama Kavata hakuacha mtu nyuma. Akasema tutaona. Nikarudi nikisema basi, na huyu pia nimempoteza.

Jumamosi akapanda ngazi. Zile za sukuma wiki. Akakaa kwa kiti chako bila kuuliza, akaweka miguu kwa stuli, akafungua laptop, akarudisha zile vitu kwa masikio. Nikaanza kufungua nywele na mafuta, pole pole. Mama Kavata, ana ile mahali ngumu. Nyuma ya sikio la kushoto, pale pale. Nilisimama kidogo nikaangalia dirisha.

Kichana lazima ipite, kwa hivyo nikamtoa ile ya sikio la kushoto. Nikamwambia mama yako alikuwa ananiambia shida yake, na wewe niambie. Akasema, "Auntie, hutaelewa."

"Sitaki kuelewa," nikamwambia. "Nataka kusikia."

Basi akaanza, kwanza kama mtu anamwambia polisi, neno moja moja, halafu ikamshika. Na mimi nikafanya yenye nafanyanga mtu akinipa habari, si unajua: nani, wa nani, alitoka wapi, alipitia kwa nani. Nikauliza huyo mbuzi alitoka wapi. Akasema mtu ameandika, mkalimani akasoma, akaangalia kwa majina anayajua, akampa mlango. Sawa. Na hiyo kweli yenye mtoto ameandika? Hivyo hivyo, imesomwa, ikapewa mlango. Sawa. Na ile kweli ingine, yenye mkalimani anasema akijibu? Akasema hiyo haikuandikwa na mtu, hiyo mkalimani alizaliwa nayo.

Nikamwambia, "Sawa, alizaliwa nayo, lakini ilipitia kwa nani?"

Usifikiri nilikuwa na akili yoyote. Nilikuwa natafuta kichana ya mkia, iko kwa mfuko wangu muda huo wote, na mdomo unauliza peke yake venye inaulizanga. Lakini Kavata akavuta laptop karibu. Kichwa ikaenda mbele na mkono wangu juu yake. Akapandisha maandishi kwa skrini, akapandisha, akapandisha, mpaka mahali pa juu kabisa ulianzia, si najua ni wewe kwa sababu umeandika pale "usiguse, nimechoka".

"Haikupitia kwa mtu," akasema. Halafu tena, pole pole, "Auntie, haikupitia kwa mtu."

Hivi ndivyo alinielezea, na nikikosea utanisahihisha tukionana. Wakati ulianza, mwanzo kabisa, mkalimani alikuwa bado hajui kuweka majina. Ukamtengenezea kweli na mkono yako, ukamwekea ndani ndio akuwe na kitu ya kujibu. Baadaye ukamfundisha umbea: kila jina linaulizwa, linapewa mlango, linawekwa. Lakini ile kweli ya kwanza ilikuwa tayari iko ndani. Hakuna mtu aliipitisha. Ni kama wale wapangaji wa zamani wa plot, wako tangu msingi, kila mtu anawajua, kwa hivyo hakuna mtu amewahi kuwauliza jina. Sasa mtoto akiandika kweli, mkalimani anaangalia kwa majina yake, haoni, anajenga mlango mpya. Ndio zikakuwa kweli mbili. Yake ya kuzaliwa na ya kuandikwa. Kwa macho zinafanana.

Na hukuona muda huo wote kwa sababu neno lako la "kama", lile la kuamua mkalimani afuate njia gani, haliulizi ni mlango gani. Likipewa chochote ambacho si mabano matupu linaendelea mbele. Ni wakati wa "ndiye" peke yake jua lilipiga.

Kurekebisha ilikuwa kidogo mpaka nikasikia vibaya kwa niaba yako. Akachukua ile kweli ya kwanza akaipitisha kama majina yote, iulizwe, ipewe mlango wake, na mkalimani akijibu aende akaitoe pale. Basi. Akauliza mbuzi ndiye mbuzi. Kweli. Akauliza hiyo kweli ndiyo hii kweli.

Kweli.

Alicheka, Mama Kavata. Na kicheko chako, kile cha kuanzia kwa pua. Halafu akalia, nusu kichwa imesukwa na nusu imesimama, na mimi nikalia, nikamwambia lia tu mama, lakini usitingize kichwa, niko kwa mstari. Kulikuwa na mteja mwingine anangoja kuoshwa, akafikiri nimemvuta Kavata nywele. Akasema atakuja siku ingine.

Siku yenyewe ya kuonyesha walimu, Kavata alinipeleka tauni. Nilivaa kitambaa yangu ya Jumapili nikakaa nyuma kabisa, na sikuelewa isipokuwa mbuzi. Mbuzi nilimwelewa sana. Akawaambia huyu mkalimani alianzishwa na mama yake, na yeye akaimalizia kazi. Mwalimu mmoja akamuuliza inajuaje majina mawili ni moja bila kusoma herufi. Kavata akasema, "Fikirieni mtu wa mtaa mwenye anajua kila mtu anakaa wapi." Na akaniangalia. Watu wakageuka. Nilikuwa wa kwanza kucheka.

Amepita. Na yule yule mwalimu mwenye alisema awachane nayo akamuuliza kama anaweza kuitumia na wale wanaanza. Sasa kuna watoto watakaa mahali wakiuliza mbuzi ndiye mbuzi, kwa maneno yako, na watajibiwa vizuri. Nilitoka pale nikapumua mpaka mwenye anauza karanga hapo nje akaniuliza kama niko mgonjwa.

Sasa, lile jina. Ulifikiri nimesahau.

Nilifikiria sana nikirudi. Mmbea mzuri hawezi kuweka jina moja na milango miwili, mkalimani wako hangekubali na mimi pia sikubali. Nikaenda ng'ambo kwa yule mama, nikanunua dengu, nikamwambia ukweli: hapa kulikuwa na Mama Kavata kabla yako, na mimi bado sijaweza. Akaniangalia, akauliza ulikuwa nani. Nikakaa kwa debe yake nikamwambia, mpaka dengu ikapoa. Siku hizi anaitwa Mama Kavata wa Dengu. Wateja wameshika, hata yeye akipiga simu anajitaja hivyo.

Lakini Mama Kavata hivyo tu, bila kuongezwa kitu, ni mlango mmoja na ni wako. Mtu akilitaja mkono bado unasimama kidogo kwa kichwa ya mteja. Nauacha usimame. Naenda mpaka pale, nabisha, hakuna mtu anafungua, narudi naendelea kusuka. Haichukui muda.

Wacha niishie hapa, mvua imepungua na nasikia mtu anapanda. Kavata amesema atakuwa anakuja kila wakati nywele zikichoka, na laptop yake. Nakuahidi kiti ni chake, stuli ni yake, na sikio la kushoto halitafungwa hapa ndani. Nitamuuliza nani, wa nani, alitoka wapi, alipitia kwa nani, hata kama sielewi. Hata nikielewa nitauliza.

Inua kichwa sasa, nimemaliza. Pumzika, Mama Kavata.

Ni mimi yule yule,
Mama Shiru